Serikali au Kampuni? Soma Barua ya Kazi Mpaka Mstari wa Mwisho

Jumapili moja jioni binti wa kaka yangu alikuja kwangu Uthiru na bahasha ya kaki kwapani. Hata chai haijamiminwa, akatandaza barua mbili mezani. "Shangazi, nisomee hizi. Mimi nimezisoma mpaka sioni tena." Ya kwanza ilikuwa na nembo ya taifa kichwani, imetoka wizara moja ya pale Harambee Avenue. Ya pili ilikuwa ya kampuni ya Westlands, karatasi nene, jina la kampuni limepigwa kwa rangi ya buluu. Wizara inampa jumla ya shilingi 62,000 kwa mwezi. Kampuni inampa 85,000. Yeye ni mhasibu mwenye miaka minne kazini, na ana mtoto mmoja wa chekechea. "Si hapa hakuna cha kufikiria?" akasema, kidole kikiwa juu ya ile 85,000.

Kilikuwapo, na tulikifikiria mpaka saa nne usiku. Mimi nimefanya kazi pande zote mbili: kampuni miaka tisa, serikali miaka kumi na sita. Ninayoandika hapa ni hesabu tulizopiga usiku ule kwenye daftari la mtoto, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Swali ambalo watu huuliza kwenye matatu za njia ya 23 asubuhi ni nani analipa vizuri, serikali au kampuni. Jibu linategemea umesimama kwenye ngazi ipi. Kwa kazi za chini, yaani tarishi, dereva, karani, serikali hulipa kuliko kampuni nyingi za Nairobi, na tofauti huonekana. Katikati, kwa wahasibu na maafisa wa ununuzi, pande mbili hukaribiana, na mshindi huamuliwa na mambo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Juu kabisa, kwa mameneja, wanasheria wa makampuni na waandishi wa programu za kompyuta, kampuni huiacha serikali mbali. Walimu na wauguzi wana kisa chao: shule nyingi za binafsi za mitaani, kuanzia Kangemi hadi Kawangware, humlipa mwalimu pesa ambazo mwenzake aliyeajiriwa na serikali kupitia TSC angezikataa mchana kweupe.

Tena "serikali" si mwajiri mmoja. Kuna wizara, kuna kaunti, kuna mashirika ya umma, kuna tume huru. Mhasibu wa Mamlaka ya Ushuru pale Times Tower na mhasibu wa wizara ya Harambee Avenue wanatenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, lakini mishahara yao haijuani. Katiba ya 2010, kifungu cha 230, ilizaa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoko Upper Hill, ili ilainishe mambo haya. Tume hiyo ilipohesabu aina za marupurupu zinazolipwa kwenye utumishi wa umma ilikuta zaidi ya mia mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia amepata kazi ya serikali, muulize ni serikali gani.

Kuna swali jingine la kuuliza kabla ya hilo. Ingia kwenye ukumbi wa jengo lolote la serikali katikati ya jiji saa moja asubuhi. Utamkuta mama ameinamia ndoo na mopu, amevaa ovaroli yenye jina la kampuni mgongoni. Anafagia serikali lakini hajaajiriwa na serikali. Wizara nyingi zimekabidhi usafi na ulinzi kwa wakandarasi, na mkandarasi humlipa kima cha chini cha sheria. Novemba 2024 kima hicho kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na juu yake asilimia 15 ya nyumba, jumla kama 18,530. Tarishi anayepita karibu na ndoo yake akibeba mafaili ana marupurupu ya nyumba na ya usafiri, likizo ya siku 30 na malipo ya uzeeni. Ukumbi mmoja, watu wawili, mishahara miwili isiyofanana. Ukiambiwa "kuna kazi wizarani," tazama jina la mwajiri juu ya barua na sahihi iliyo chini yake. Huyo aliyetia sahihi ndiye atakayekulipa, si yule mwenye jengo.

Wala usidhani serikali haijui kulipa kidogo. Walimu wa mafunzo waliopelekwa sekondari msingi walipewa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa kandarasi ya mwaka mmoja. Madaktari wa mafunzo waliambiwa wapokee 70,000 wakati mkataba wao wa 2017 ulisema 206,000, na mgomo wa 2024 ukaendelea siku 56. Walichokuwa nacho madaktari ni chama na mkataba wa maandishi. Kabla ya kuingia kazi ya umma, uliza ni chama gani kinasimamia daraja lako na mkataba wake unaisha lini, maana upande huo mshahara hauongezwi kwa bosi kukupenda.

Turudi mezani. Barua ya wizara ukiisoma vizuri ina sentensi ndefu ya tarakimu ambayo vijana wengi huiruka: mshahara wa kuanzia, nyongeza ya kila mwaka, na kikomo cha daraja. Ile sentensi inakwambia utakuwa unalipwa nini miaka mitano ijayo hata usipopandishwa cheo. Baada yake kuna mshahara wa msingi, ambao kwa binti yetu ulikuwa 42,000, nyumba 15,000 na usafiri 5,000. Barua ya kampuni ilikuwa na tarakimu moja tu, na maneno kwamba mshahara utaangaliwa upya "kulingana na utendaji na hali ya biashara". Hayo maneno si nyongeza. Chini yake kulikuwa na kifungu kinachomkataza kumwambia mwenzake analipwa ngapi, na kingine kilichosema bima ya afya itaanza baada ya muda wa majaribio wa miezi sita.

Nikamwambia achukue kalamu. Kwa viwango vya 2025, kutoka kwenye 85,000 ondoa mchango wa uzeeni wa NSSF 4,320, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 ambayo ni 2,337.50, na tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 1,275. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo yote huondolewa kabla ya ushuru kupigwa, kwa hiyo kinachotozwa ushuru wa mapato, PAYE, ni 77,067.50. Ushuru wenyewe, baada ya msamaha wa 2,400, unatoka 15,503.60. Kinachofika benki ni 61,563.90. Akaitazama ile tarakimu, akaitazama 62,000 ya wizara, akacheka. Nikamwambia asicheke, ya wizara pia itakatwa.

Jambo la kushika hapa ni hili. Kwa viwango hivyo, ukiwa kwenye mishahara ya ukubwa huu, kila shilingi ya ziada hukatwa ushuru wa asilimia 30 pamoja na afya na nyumba, na inakufikia kama senti 67. Pengo la barua zile mbili lilikuwa 23,000. Mfukoni lilibaki kama 15,400, kabla hatujagusa akiba ya uzeeni. Basi usilinganishe tarakimu za juu. Chukua pengo, lipige mara 0.67, halafu ndio ujiulize kama pesa hizo zinatosha kununua kile ambacho upande wa pili unakupa bila kukuandikia bei.

Na wizara ilikuwa inampa nini? Kwanza uzee wake. Tangu Januari 2021 watumishi wapya wa umma wako kwenye mfuko wa kuchangia. Mfanyakazi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaweka asilimia 15. Kwa 42,000 hiyo ni 6,300 kila mwezi kutoka kwa mwajiri. Kampuni ingeweka sehemu yake ya NSSF, 4,320, na kufunga mkono hapo. Tofauti ya 1,980 si ya kumfanya mtu akose usingizi. Kilichonifanya mimi nisimame ni bima ya maisha: sheria ya mfuko huo inataka mwanachama awekewe bima isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka. Mara tano ya 504,000 ni shilingi 2,520,000. Mama wa mtoto mmoja, bila mume wa kumtegemea, asome mstari huo mara mbili. Kampuni zipo zinazotoa bima kama hiyo, tena mara nyingine nzuri zaidi, lakini lazima iwe kwenye barua. Ya binti yetu haikuwa nayo.

Pili ni saa. Wizara hufunga saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa: saa arobaini kwa wiki ukiondoa chakula cha mchana. Rafiki yake anayefanya kazi kwenye ile kampuni alikuwa amemwambia wanatoka saa moja jioni, na Jumamosi wanaingia mpaka saa saba mchana. Hizo ni saa 55, na bado hatujafika tarehe 9 ya kulipa PAYE wala tarehe 20 ya kulipa VAT, siku ambazo mhasibu wa Westlands hurudi nyumbani kwa teksi. Tukagawanya. Wizara ikatoka shilingi 358 kwa saa, kampuni 357. Mshahara uleule! Kampuni haikuwa inamlipa zaidi, ilikuwa inanunua saa zake nyingi zaidi. Kuna watu wanaotaka kuuza saa hizo, hasa wakiwa vijana na bado wanajifunza kazi, na sioni ubaya. Ila wajue kwamba wanauza.

Kwa haki ya kampuni, Westlands ni karibu. Kutoka Uthiru unashuka Waiyaki Way moja kwa moja, huku mwenye kazi mjini akipigana na foleni mpaka kituo cha Kencom, na mvua ikinyesha makanga anapandisha nauli bila kuona haya. Na kampuni hupandisha watu haraka. Wizarani nimeona mtu mwerevu akikwama kwenye jobu grupu moja miaka minane kwa sababu nafasi ya juu haijatangazwa, au imetangazwa na imekwenda kwingine. Mwenzake wa kampuni katika miaka hiyo minane amehama mara tatu, na kila kuhama ameongeza mshahara. Mtu wa kampuni anayekaa pahali pamoja miaka kumi akingoja kuonekana amechukua hasara za pande zote mbili.

Kuna hatari ambazo hazimo kwenye barua yoyote. Kampuni yangu ya mwisho, ambayo sitaitaja, ilianza kwa kuchelewesha mshahara siku tano, kisha kumi, kisha mkurugenzi akaacha kushika simu. Niliondoka nikidai miezi miwili. Nilipokwenda kuangalia NSSF nikakuta mwaka mzima nilikuwa nakatwa na hakuna kilichopelekwa. Tangu siku hiyo kila miezi mitatu naangalia taarifa yangu, na mwisho wa mwaka nalinganisha fomu ya ushuru ya P9 na yale niliyokatwa. Fanya hivyo hata kama bosi wako ni mzee wa kanisa. Ujue pia sheria ya ajira inasema nini kazi ikifungwa: notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Wengi hudhani siku 15 hizo ni haki ya kila anayeacha kazi. Sivyo, ukiwa mwanachama wa NSSF na umejiuzulu mwenyewe huzipati.

Serikali nayo hupunguza watu. Miaka ya tisini, na tena 2000, maelfu ya watumishi walirudishwa nyumbani. Kuna wafanyakazi wa kaunti ambao mwisho wa mwezi wao ni katikati ya mwezi wa wengine. Na wazee waliostaafu kwa utaratibu wa zamani wanazijua ofisi za pensheni za Bima House kuliko wanavyojua nyumba za watoto wao. Kazi ya umma ina uhakika zaidi, lakini si mwamba.

Siku hizi kazi nyingi za umma ni za kandarasi ya miaka mitatu. Usizidharau. Tafuta kwenye barua neno kiinua mgongo: kiwango cha kawaida ni asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Kwa 42,000 kwa miezi 36 hiyo ni 468,720 kabla ya ushuru. Kama barua haina neno hilo, uliza kabla ya kutia sahihi, kwa maana baada yake hakuna wa kuuliza.

Sasa mikopo, mahali ambapo mshahara wa serikali hugeuka mtego. Maafisa wa benki na Sacco wanampenda mtumishi wa umma kwa sababu deni hukatwa kabla pesa hazijamfikia. Sheria inakataza makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na nimeona wenzangu wakiishi juu ya ile theluthi iliyobaki miaka nenda miaka rudi. Wanalipwa vizuri kwenye karatasi na kula kwa deni kibandani. Ukiingia serikalini, tumia mlango wa bei nafuu: mpango wa nyumba wa watumishi wa umma umekuwa ukikopesha kwa riba ya asilimia 5, ilhali riba ya Benki Kuu yenyewe ilifika asilimia 13 Februari 2024, na benki za biashara zilikuwa zikikopesha juu ya hapo. Tofauti hiyo kwenye mkopo wa nyumba inaweza kuzidi lile pengo la 15,400 tulilokuwa tunabishania. Lakini foleni ni ndefu, omba mapema.

Binti aliniuliza pia kama akiwa wizarani anaweza kuwa na biashara yake. Nikamweleza habari za tume ya Duncan Ndegwa ya 1971, iliyowaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara, na koti linaloachwa kwenye kiti huku mwenyewe yuko dukani kwake. Ruhusa bado ipo, lakini hutauzia ofisi yako, utajaza fomu ya kutangaza mali kila miaka miwili, na sheria ya mgongano wa maslahi ya 2025 imekaza zaidi. Kampuni ya Westlands ilikataza biashara yoyote ya pembeni kabisa. Kama una duka la vitambaa Kikuyu, hilo nalo lina bei.

Jambo la mwisho tulilofanya usiku ule lilikuwa kuandika barua kwa kampuni. Watu hawajui kwamba matangazo ya kazi ya Tume ya Utumishi wa Umma huandika mshahara wazi: wa msingi, nyumba, usafiri, likizo. Hizo ni tarakimu za umma, na mtu wa kampuni anaweza kuzitumia kama mizani mezani kwa bosi. Aliomba mambo matatu: bima ya afya yake na ya mtoto kuanzia siku ya kwanza, mchango wa mwajiri wa asilimia 5 juu ya NSSF, na saa za kazi ziandikwe. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Bima walikubali. Mchango wangeufikiria baada ya mwaka. Kuhusu saa hawakusema neno.

Akachukua wizara. Angekuwa hana mtoto na amemaliza mitihani ya uhasibu ya CPA, ningemsukuma Westlands akauze saa zake miaka minne, halafu aombe kazi kwenye shirika la umma akiwa juu zaidi. Wewe una barua zako na mtoto wako, au huna. Piga hesabu yako, usiazime yake.

Wengi wataniuliza barua ya wizara aliipataje. Alituma maombi kwenye tovuti ya Tume, akasubiri miezi kumi na minne, akaitwa kwenye usaili, akasubiri tena. Hakumpa mtu hata shilingi. Kuna watu wanaokaa kwenye mikahawa ya katikati ya jiji na fomu zenye mihuri, wakiomba "ya chai" ya elfu hamsini ili jina lako lipite. Maombi ya kazi za umma ni bure. Ukiombwa pesa, inuka uondoke.